Mume Aliyevushwa Bahari

Kitui,
14 Februari 1950

Kwa Bi Mbinya binti Ndululu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba utazame kama kuna mtu nyuma yako. Kama yupo, ikunje barua hii uisome baadaye. Hakuna neno humu linalopaswa kufika sikio la mwingine: si baba yako, si mchungaji wako, si mwenzako wa kuchota maji. Karani anayetoa habari za mafaili hapa bomani hafukuzwi kazi tu, anashtakiwa, na mahakama iko chumba cha pili kutoka mezani kwangu. Ninapopiga taipu nasikia pingu za watu wanaopitishwa barazani.

Mimi ni yule kijana wa kofia nyeupe, meza ya mwisho karibu na dirisha. Jina langu Abdulatif bin Rashid. Juma lililopita ulikaa kwenye benchi letu siku mbili, na siku ya pili karani mkuu alikuambia, "Mama, serikali haiweki waume za watu kabatini. Rudi kwenu." Ukamjibu, "Basi fungua nione kama hayumo." Wote walicheka, na mimi nilicheka, kisha ukatoka na kikapu chako nikabaki nimeona haya. Miaka miwili nimefanya kazi hapa na sijasikia mtu akimjibu hivyo.

Jana alipokwenda kula nilifungua kabati.

Mumeo yumo. Mutie wa Musembi, wa Tseikuru, askari wa kikosi cha kazi, Kilindini. Mwezi wa nane mwaka 1944 alimpiga koplo wake kwa sepetu, na koplo akafa. Koplo huyo ndiye aliyekuwa akiwasomea barua askari wasiojua kusoma. Siku hiyo alipanda juu ya sanduku akaisoma barua ya mke wa Mutie mbele ya kikosi kizima, huku akiigiza sauti ya mwanamke. Hukumu: miaka kumi na minne. Tarehe 3 Oktoba 1944 alipandishwa melini pamoja na wafungwa wengine kumi na mmoja, wakavushwa bahari mpaka visiwa vya Shelisheli. Baada ya hapo faili haina karatasi nyingine. Haisemi kama alifika. Hakuna aliyeuliza.

Naweza kujaribu kuuliza. Sijui bado kwa njia gani, lakini naweza kujaribu. Ukijibu usiandike bomani. Andika kwa shangazi yangu, Bi Tima, muuza mahamri, mtaa wa msikitini, Kitui. Yeye hajui kusoma. Barua hii ichome.

Wako mwaminifu,
Abdulatif bin Rashid


Kikima, Mbooni,
2 Machi 1950

Bwana Karani,

Salamu. Barua nimeipata. Nilitazama nyuma kama ulivyosema. Kulikuwa na ng'ombe wa baba, na yeye hana maneno mengi. Wewe unaomba siri kama mtu aliyeiba sukari na bado iko mdomoni.

Lakini nilipofika pale pa sepetu sikucheka tena. Miaka sita watu wa Tseikuru waliniambia Mutie aliua mtu, basi. Kwa nini, hakuna aliyesema, labda hawakujua. Sikujua ni barua yangu. Nilikaa chini katikati ya maharagwe mpaka mama akaja kunitafuta, akadhani nimeumwa na nyoka.

Nikueleze nilivyo ili usidhani umemwandikia mtu asiye na kwao. Mutie alikuwa akileta mbuzi kuuza hapa Kikima, ndivyo alivyoniona. Nilikaa kwao Tseikuru miaka mitatu, na alipofungwa nikarudi kwa baba. Sasa nawafundisha wanawake kusoma pale kanisani, na siku ya soko nauza machungwa. Mtoto sina.

Bwana Karani, mimi nataka neno moja tu. Yu hai, au hayuko? Uliza kwa njia yoyote. Usiniulize sababu. Mwanamke naye ana mambo yake.

Sijaichoma barua. Mkono ulikataa. Lakini nimeificha pazuri.

Ni mimi,
Mbinya Ndululu


Kitui,
20 Mei 1950

Kwa Bi Mbinya,

Samahani kwa kuchelewa. Nilisubiri siku inayofaa, na kila siku ilipofika niliona haifai.

Nikueleze jinsi ilivyofanyika. Bwana Disii, mkuu wetu wa wilaya, hutia sahihi saa nne asubuhi. Barua zinakuwa thelathini, arobaini, na karani mkuu husimama kando akimfunulia moja baada ya nyingine. Tano za kwanza huzisoma. Zikifika kumi na tano huuliza tu, "Hii ya nini?" Zikipita ishirini hutazama dirishani mkono ukiandika wenyewe. Niliandika barua kwa mkuu wa jela ya Shelisheli, nikaiweka ya ishirini na tatu, kati ya barua ya chanjo ya ng'ombe na barua ya daraja. Ikatiwa sahihi. Ikaenda. Siku hiyo sikuweza kula, na mama yangu, Bi Mwanamkasi, akanishika shingo kuona kama nina homa.

Sasa nina swali, nawe una haki ya kutolijibu. "Yu hai, au hayuko?" Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa. Anayeuliza hivyo baada ya miaka sita ni mtu ambaye moyo wake haujaondoka mahali. Vizuri. Ni mumeo. Lakini huwa najiuliza barua ile ilikuwa na maneno gani. Nimesoma shule miaka kumi, nimesoma vitabu vya dini na vya sheria, na sijakutana na maneno ya kumfanya mtu ashike sepetu. Faili haikuyaandika. Uliandika nini?

Nimeuliza tu.

Abdulatif


Kikima,
11 Juni 1950

Bwana Abdulatif,

Umeuliza mambo ya mtu na mumewe kama mtu anayeuliza bei ya viazi. Haya, sikiliza.

Niliandika kwamba mama yake aling'olewa jino na uso umevimba upande mmoja. Niliandika kwamba yule mbuzi wa sikio moja amezaa mapacha. Na mwisho niliandika kwamba upepo wa Tseikuru ni mbaya, kwa hiyo nalala na koti lake. Hayo tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nadhani walicheka hapo pa koti.

Umeridhika? Koti lenyewe lililiwa na mchwa.

Habari za huku: Kivuva, mdogo wake Mutie, alikuja tena Jumanne kutoka Tseikuru, safari yote hiyo, na kibuyu cha asali cha kumpa baba. Huyo haji bila asali, na haondoki kabla hajanitazama miguu. Ana wake wawili na anatembea kama mtu mwenye nafasi ya wa tatu. Nilimwambia, "Kivuva, ukimaliza kuhesabu vidole vyangu niambie ni vingapi." Baba alicheka mpaka akakohoa. Kivuva hakucheka.

Jibu la ng'ambo huchukua muda gani? Na wewe hupewi likizo? Njoo ule machungwa. Baba anasema hajawahi kuona mtu anayelipwa kwa kuandika.

Mbinya


Kitui,
3 Septemba 1950

Mbinya,

Nimerudi salama. Basi liliharibika mara mbili kabla ya Machakos, na miguu yangu haijausamehe ule mlima wenu. Watu wa Mbooni mnatembea ukutani kama mijusi.

Mshukuru sana mzee Ndululu. Mama alitaka kujua kila neno, nikamweleza mlivyonipokea: mzee akauliza, "Kijana, ninyi wa mjini mnalima nini?" nami nikasema, "Hatulimi, mzee, tunaandika," naye akasema, "Na mvua ikikataa, mnatafuna karatasi?" Nikamweleza pia alivyonipa kisu na jogoo, akasema, "Chinja mwenyewe, usije ukasema Ndululu alikulisha haramu." Mama akasema, "Hao ni watu." Kwa mama yangu hiyo ni sifa kubwa. Baadaye akauliza, "Na huko kukonda kwako, mwanangu, ni kwa sababu ya taipu au ya Mkamba?"

Kuna jambo limenikaa kooni. Uliponisindikiza, tulipofika kijitoni, nilianza kukuambia nililokuja kukuambia, ukanizuia. Ulisema, "Ngoja jibu lije kwanza. Likija, mambo yatakuwa mepesi." Njia nzima nimeyapima maneno hayo. Mepesi kwa nani? Likija kwamba yu hai, mimi nina wepesi gani? Nitakuwa nimekutafutia mumeo kwa mikono yangu, kwa kazi yangu na kwa hofu yangu, kisha nikupigie makofi siku mtakapokutana.

Na kile kibuyu cha asali kimening'inia katikati ya nyumba, hata sikuweza kunywa chai bila kukiona.

Nisamehe. Nimeandika vibaya na karatasi imekwisha.

Latif


Kikima,
24 Septemba 1950

Latif,

Wewe umesoma lakini hujui kungoja. Nitakueleza yote siku jibu likifika, mbele ya baba, si kabla. Mwanamke wa kwetu akilitaja jambo la namna hii kabla halijashikika mkononi, watu husema alikuwa na hila tangu mwanzo. Mimi sina hila. Nina haya.

Jua hili tu: wazee wa Tseikuru nao wanangoja jibu hilo. Wao hawataki maneno ya mdomo, wanataka karatasi yenye muhuri. Wewe lete karatasi. Mengine niachie.

Asali tulikula kwa ugali. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uwongo. Lakini asali si mtu.

Mbinya


Ofisi ya Jela,
Shelisheli,
30 Oktoba 1950

Kwa Bwana Disii, Kitui.

(Imefasiriwa kutoka Kiingereza na A. bin Rashid, karani, kwa ajili ya faili.)

Kuhusu barua yako ya mwezi wa Mei: mfungwa Mutie wa Musembi alipokewa hapa Oktoba 1944. Yu mzima. Mwenendo wake ni mwema, na kwa kupunguziwa kifungo anatarajiwa kufunguliwa mwanzoni mwa mwaka 1954 na kurudishwa Mombasa kwa meli. Ameomba mkewe apelekewe maneno yafuatayo, ambayo ameyaandika mwenyewe kwa Kiswahili.

"Mbinya. Mimi ni mzima. Huku tunavunja mawe na kusafisha mashamba ya minazi. Nimejifunza kusoma, barua zako sasa nitasoma mwenyewe. Imebaki miaka mitatu na kidogo. Nisubiri. Mwambie Kivuva amtazame mama. Asitazame zaidi ya hapo. Mutie."


Kitui,
4 Desemba 1950

Kwa Bi Mbinya,

Nashika kalamu kwa huzuni. Jibu limefika. Karatasi yenye muhuri wa boma imo ndani ya bahasha hii, soma hiyo kwanza, kisha urudi hapa.

Umeona. Mutie alifariki mwezi wa Juni 1948 kwa homa, akazikwa kule kule kisiwani. Wanasema hakuteseka siku nyingi. Sina maneno ya kukufariji, na sidhani ni mimi ninayepaswa kukufariji.

Lia, Mbinya, ni haki yako na yake. Lakini ukishamaliza kulia, jua kwamba hali yako sasa inajulikana. Kwetu mwanamke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo yu huru, hakuna mtu mwenye neno juu yake. Najua wewe si wa dini yetu, ila hata kanisani kwenu, nadhani, kifo hukata ndoa. Umengoja miaka sita mtu aliyekuwa ndani ya udongo miaka miwili kati ya hiyo.

Sitasema zaidi. Nitahesabu miezi minne na siku kumi kuanzia leo, kisha nitapanda tena mlima wenu, na safari hii utaniacha nimalize sentensi yangu. Wape wazee wa Tseikuru karatasi hiyo. Walitaka muhuri, muhuri huo hapo.

Latif


Kikima,
19 Januari 1951

Latif,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu.

Nilimlilia Mutie. Sikupenda aje kuniita mke wake tena, lakini alikuwa mtu, na alicheka vizuri, na amelala mahali ambapo hakuna mtu anayejua jina la mama yake. Nilimlilia kweli.

Nilisema nitakueleza jibu likifika. Nakueleza sasa ingawa halina maana tena.

Kwetu mwanamke akitaka kumwacha mume, baba yake hupeleka mbuzi mmoja nyumbani kwa mume huyo. Ni mbuzi wa ulee, mbuzi wa kukataa. Akipokewa mbele ya wazee, ndoa imekwisha. Mwaka juzi baba alimpeleka mbuzi huyo mpaka Tseikuru. Wazee wakamrudisha. Walisema, "Ndululu, tuonyeshe kwanza kama Mutie yu hai. Akiwa hai, hata kama yuko ng'ambo, mama yake atampokea mbuzi kwa niaba yake na binti yako aende zake. Lakini akiwa amekufa, maiti hakataliwi. Mke aliyefiwa ni wa boma la mumewe, na ndugu yupo."

Ndugu ni Kivuva.

Sasa umeelewa kwa nini nilikaa kwenye benchi lenu siku mbili. Nilimtafuta Mutie ili nimkatae, Latif. Nilimwomba Mungu awe hai. Nilipokuambia kijitoni kwamba mambo yatakuwa mepesi, mbuzi alikuwa zizini amefungwa kamba, na baba alikuwa amekwisha kuniuliza kama Mwislamu anaweza kulipa mahari ya mbuzi au ni lazima alipe fedha. Nilidhani wajua. Umezaliwa Kitui! Lakini naona ninyi wa karibu na msikiti mnaujua Ukamba wa sokoni tu.

Wazee walikuja na Kivuva. Karatasi yako ikasomwa, chifu akaiandika kitabuni mwake kwa sababu ya muhuri. Mchungaji alisimama akasema mjane yuko huru. Mzee mmoja akamjibu, "Huru wa kanisani, mchungaji. Sisi tunazungumza habari za boma." Mama alinishika mkono tu. Walipoondoka, baba alikwenda zizini akamfungua mbuzi kamba, akamwacha arudi kwa wenzake.

Watakuja kunichukua tarehe 10 Februari. Kivuva alipokuwa anatoka alinitazama usoni, mara ya kwanza. Alisema, "Vidole ni kumi. Nimehesabu."

Usije. Akikukuta hapa atasema wewe ndiye sababu, na baba ataaibika. Nakushukuru kwa kazi uliyonifanyia. Bomani walicheka wote, na ni wewe peke yako uliyefungua kabati.

Mbinya


Kitui,
Jumamosi, 27 Januari 1951

Mbinya,

Mutie yu hai.

Nimeiandika kwanza ili mkono usije ukapata nafasi ya kuzunguka. Yu hai, Shelisheli, mzima. Atafunguliwa mwaka 1954. Karatasi niliyokutumia Desemba niliitunga mimi, nikaiweka kati ya barua za Bwana Disii kama ile ya kwanza, akaitia sahihi bila kuitazama. Homa niliitunga. Kaburi nililitunga. Barua ya kweli imo humu ndani, ya Kiingereza yenye muhuri wa jela, na nyuma yake maneno ya Mutie kwa mkono wake mwenyewe. Miezi miwili imekuwa chini ya msahafu wa mama yangu, na kila alipoufungua kusoma nilitoka nje.

Nataka ujue kwa nini, ingawa haitakusaidia. Alipoandika "nisubiri," nilikuona ukimsubiri. Nilimwonea wivu mtu anayevunja mawe. Niliwaza, amejifunza kusoma, na barua utakazoandika kuanzia sasa zitakuwa zake peke yake. Nililionea wivu hata koti lililoliwa na mchwa. Nikaona nikimwondoa yeye nafasi itabaki, na mwenye nafasi ni mimi. Nilihesabu eda yako kwa sheria yangu, wala sikuuliza yako. Ungeniambia habari za mbuzi mwezi wa Septemba ningeuleta muhuri wa kweli kwa mbio. Hapana, hilo si haki. Uliniomba jambo moja tu, yu hai au hayuko, na jibu nililokuwa nalo mkononi nililificha.

Sasa fanya hivi, na usichelewe, zimebaki siku kumi na nne.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa Hassan, binamu yangu, dereva wa lori la chumvi. Haipiti posta. Atakukabidhi wewe au mzee Ndululu, si mwingine. Umpe baba yako aende kwa chifu na karatasi zote tatu: ile ya uwongo, hii ya jela, na hii ninayoandika. Bila hii yangu chifu hatajua ni ipi ya kuamini, kwa kuwa zote mbili zina muhuri. Asomewe yote, hata pale pa wivu. Mwambie aliyeandika ni karani wa boma la Kitui na jina lake liko chini.

Chifu akishafuta aliloandika, mzee amchukue mbuzi aende Tseikuru kabla ya tarehe 10, afuatane na mzee mmoja wa Mbooni na mchungaji. Wamsomee mama yake Mutie maneno ya mwanawe. Akisikia ni mzima hatakuwa na moyo wa kukataa mbuzi siku hiyo. Kivuva atapiga kelele. Mkumbusheni kwamba ndugu yake atashuka Mombasa mwaka 1954, naye anajua ndugu yake alifungwa kwa kosa gani.

Unaweza pia kuamua kumsubiri Mutie. Sikufikiria hilo nilipoandika ukurasa wa kwanza, nalifikiria sasa, na nimeona sina sauti humo. Ameandika vizuri. Soma maneno yake kabla hujayasoma yangu mara ya pili.

Mimi Jumatatu saa nne, kabla sahihi hazijaanza, nitamwambia Bwana Disii mwenyewe. Nimejaribu kuyasema maneno hayo mbele ya kioo na sauti inakatika kwenye neno la tatu, kwa hiyo nimeyaandika kwenye karatasi, na sauti ikikatika nitampa asome. Siendi kwa ushujaa. Chifu wa Mbooni ataandika kwa Disii wa Machakos, wa Machakos ataandika huku, na barua hiyo itafunguliwa mezani kwangu. Siwezi kukaa nikiingoja. Mama nimemweleza jana. Akauliza, "Na yule msichana, wamekwisha kumchukua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi andika upesi, unalia nini?"

Kuhusu kunipata. Mpaka Jumapili niko nyumbani, mtaa wa msikitini, na Hassan anarudi Jumanne, waweza kumpa neno lolote, hata la mdomo. Kuanzia Jumatatu usiandike kwa shangazi tena, watapekua kwake. Nitawekwa kwanza hapa Kitui, katika chumba cha nyuma ya mahakama, na kesi haitapita mwezi wa tatu. Wakishanihukumu watanipeleka jela ya Machakos au ya Nairobi. Uliza kwa karani mkuu. Ni mkali, lakini mtu akimuuliza tena siku ya pili hujibu. Ukiandika, andika jina langu lote na la baba yangu, na utaje Kitui, maana Abdulatif tuko wengi. Kutoka Kikima mpaka Machakos basi huondoka alfajiri siku ya soko. Wageni huruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, mlango wa upande wa mashariki, na askari huandika jina la kila anayeingia. Atakuuliza wewe ni nani wangu. Mwambie lile utakaloliona ni la kweli siku hiyo.

Abdulatif bin Rashid